Kuambata si Kufyonza: Somo la Maneno juu ya Gesi ya Magari

1. Utangulizi

Katika zoezi moja la tafsiri nilipewa mistari michache ya Kifaransa juu ya namna ya kubeba gesi asilia nyingi zaidi ndani ya tanki la gari. Sentensi ya katikati ilikuwa na neno «adsorption». Mimi nikasoma «absorption». Nikaandika kwamba makala yaliyowekwa ndani ya tanki «yanafyonza» gesi kama vile sifongo inavyofyonza maji. Sarufi ilikuwa safi, upatanisho wa ngeli ulikuwa safi, nami nikaridhika.

Jioni nikamsomea tafsiri hiyo ndugu mmoja anayesoma fizikia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: «Ndugu yangu, kama tanki limejazwa makala, nafasi ya gesi imepungua. Sasa mbona unasema gesi inayoingia ni nyingi kuliko ile ya tanki tupu?» Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye maandishi ya Kifaransa, na hapo tu ndipo nikaiona herufi d pale nilipokuwa nimesoma b.

Makala haya yametokana na kosa hilo. (Naomba msomaji asichanganyikiwe: kwa Kiswahili sanifu «makala» ni maandishi kama haya, kwetu Kongo «makala» ni kile ambacho wengine wanakiita mkaa. Hapa nitatumia neno hilo kwa maana zote mbili, na muktadha utatusaidia.) Nataka kuonyesha kwamba gesi asilia inawekwa kwa njia nne zilizo tofauti kabisa, kwamba kila njia inadai kitenzi chake, na kwamba Kiswahili kinavyo vitenzi hivyo vyote. Nataka pia kuonyesha kwamba kuvichanganya si kosa la mtindo tu. Mahali ambapo watu wanaendesha magari ya gesi, neno linaweza kumlinda mtu au kumponza.

2. Tatizo lenyewe: gesi inataka nafasi

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Kwa uzito, ni fueli nzuri sana: kilo moja ya methani inatoa joto kuliko kilo moja ya petroli, ile tunayoiita esansi. Shida yake ni nafasi. Lita moja ya esansi ina nishati ya megajuli 32 hivi. Lita moja ya methani, katika hewa ya kawaida, ina megajuli 0.036 tu. Tofauti yao ni karibu mara 900.

Tufanye hesabu ndogo. Gari dogo lina tanki la lita 40 za esansi. Ili kupata nishati ileile kwa methani isiyobanwa, tungehitaji lita 35,000 na zaidi, yaani mita za ujazo 35. Hicho ni chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 2.5. Gari lingelazimika kuvuta nyumba nyuma yake.

Watu wamejaribu kitu kinachokaribia hicho. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, huko Uingereza, magari yalitembea na mifuko mikubwa ya gesi ya makaa ya mawe juu ya paa, kwa sababu petroli ilikuwa haba. Miaka mingi baadaye, katika jimbo la Sichuan nchini China, mabasi yalibeba mifuko ya gesi asilia kwa namna hiyo hiyo. Mfuko ulijaa mwanzoni mwa safari na kunywea kadiri basi lilivyokwenda. Gesi ndani ya mfuko huo haikubadilishwa kwa vyovyote: «iliwekwa», basi. Njia nne tutakazozitazama sasa ni njia za kuepuka mfuko huo.

3. Njia ya kwanza: kushindilia

Njia inayotumiwa zaidi ni kuisukuma gesi kwa nguvu ndani ya mtungi imara. Nguvu hiyo inaitwa shinikizo. Fundi husema presha, na vitabu vingine vya fizikia vya Tanzania husema kanieneo. Inapimwa kwa baa. Baa 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa tunamoishi. Ndani ya mtungi wa gari la gesi, shinikizo linafika baa 200 hadi 250. Hapo lita moja ya mtungi inabeba gesi ambayo katika hewa ya kawaida ingejaza zaidi ya lita 200, na nishati yake, kwa baa 250, inapanda hadi megajuli 9 hivi.

Nchini Tanzania, ambako gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumiwa mwaka 2004, teksi na bajaji nyingi za Dar es Salaam sasa zinatembea kwa gesi. Watanzania wanaiita gesi asilia iliyoshindiliwa. Kwa maoni yangu, ni tafsiri bora kabisa. Kushindilia ndiko afanyako mtu anayejaza gunia: anatia, anakanyaga, anatia tena. Kitu kinabaki kilekile, ila kimesongamana. Hivyo ndivyo ilivyo gesi ndani ya mtungi huo. Bado ni gesi. Molekuli zake zinaruka huku na huku na kuzigonga kuta, ila sasa ni nyingi mno mahali padogo.

Gharama ya njia hii ni mtungi wenyewe. Ili kuvumilia baa 200 lazima uwe mnene na wa mviringo, na mara nyingi unakula nafasi ya mizigo nyuma ya gari. Kituo cha kujazia nacho kinahitaji mashine za kushindilia zenye hatua kadhaa, ambazo ni ghali na zinakula umeme.

4. Njia ya pili: kugeuza kimiminika

Mtu atauliza: kwa nini tusiibane zaidi mpaka igeuke maji-maji, kama gesi ya jikoni? Jibu ni kwamba methani haikubali. Kila gesi ina kikomo cha joto. Juu ya kikomo hicho, hakuna shinikizo linaloweza kuigeuza kimiminika. Kikomo cha methani ni nyuzi 82 na zaidi chini ya sifuri. Hakuna mji wetu wowote unaofikia baridi hiyo. Kikomo cha propani, iliyomo katika gesi ya jikoni, ni karibu nyuzi 97 juu ya sifuri. Kwa hiyo, katika joto la kawaida, propani inageuka kimiminika kwa shinikizo lisilofika baa 10, na butani kwa shinikizo dogo zaidi. Ndiyo maana ukiutikisa mtungi wa jikoni unasikia kitu kikicheza ndani kama maji.

Methani inageuka kimiminika kwa baridi tu: nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa shinikizo la hewa ya kawaida. Hapo ujazo wake unapungua kama mara 600, na lita moja inabeba megajuli 21 hivi. Ni njia inayofaa meli kubwa na malori ya safari ndefu, kwa sababu tanki lake ni kama termosi: joto linaingia polepole, gesi inaanza kuchemka, na gari likiegeshwa siku nyingi sehemu ya mzigo inapotea.

Kiswahili cha magazeti ya Tanzania mara nyingi husema gesi «inasindikwa». Sipingi neno lililokwisha kupata wenyewe, lakini kwa mwanafunzi lina shida mbili. Kwanza, tunasindika pia mafuta ya mawese, matunda na maziwa. Neno halisemi kwamba kitu kimegeuka kimiminika wala kwamba kuna baridi. Pili, kwa sikio, «kusindika» na «kushindilia» ni jirani mno, ilhali mitungi yake haifanani hata kidogo. Katika darasa mimi ningesema «gesi iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi». Ni ndefu, lakini haidanganyi. Tena tusiseme «iliyoyeyushwa», kwa sababu neno hilo tunalihitaji mahali pengine, kama tutakavyoona sasa hivi.

5. Njia ya tatu: kuyeyuka, au somo la ziwa Kivu

Mfano wa njia hii uko nyumbani kwetu. Chini ya maji ya ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, kuna methani nyingi: kama ingetolewa yote na kuwekwa katika hewa ya kawaida, ingejaza karibu kilometa za ujazo 60. Pamoja nayo kuna gesi ya kaboni, ile inayotoa povu katika soda, ambayo ni nyingi zaidi: karibu kilometa za ujazo 300.

Gesi hiyo haikai chini ya ziwa kama mapovu yaliyofungiwa. Imeyeyuka ndani ya maji, kama sukari ndani ya chai. Inayoishikilia ni shinikizo la maji yenyewe: kila mita 10 za kina zinaongeza karibu baa 1, na ziwa hilo lina kina cha mita 485. Ukilivuta juu lile maji ya chini, shinikizo linapungua, gesi inatoka, na povu linapanda kama soda iliyofunguliwa. Mitambo ya Rwanda inayozalisha umeme kwa gesi ya ziwa hilo inatumia siri hiyo hiyo.

Hapa ndipo mahali pa kweli pa neno «absorption». Kitu kimoja kinaingia ndani ya kingine, katika mwili wake wote, na kuenea humo. Kwa gesi na maji tunasema imeyeyuka. Kwa maji na udongo, au maji na kitambaa, tunasema udongo umefyonza. Katika hali zote mbili wazo ni moja: ndani. Ukilikata tone la maji ya Kivu popote, gesi iko humo.

6. Njia ya nne: kuambata

Sasa tunafika kwenye swali la ndugu yangu wa fizikia. Chukua tanki tupu, ulijaze methani kwa shinikizo la baa 35. Kila lita ya tanki itabeba takribani lita 35 za gesi. Sasa chukua tanki lilelile, ulijaze kwanza makala ya aina maalumu, kisha gesi kwa baa 35 zilezile. Kwa makala mazuri, kila lita ya tanki itabeba karibu lita 180. Tumepunguza nafasi, na gesi imeongezeka mara tano. Bila makala, kiasi hicho kingetudai zaidi ya baa 150.

Jambo hilo linawezekanaje? Makala haya si yale ya jiko tu. Yamechomwa tena na kutiwa dawa au mvuke mkali mpaka yakawa na vitundu vingi mno visivyoonekana kwa jicho. Ukiweza kuzikunjua kuta zote za vitundu hivyo katika gramu moja, utapata mita za mraba elfu moja, elfu mbili, na zaidi. Molekuli ya methani ikikaribia ukuta huo inavutwa kidogo. Mvuto wenyewe ni dhaifu. Hakuna ndoa ya kikemia kati yao. Lakini unatosha kuifanya molekuli itulie juu ya ukuta, na jirani yake itulie karibu nayo. Katika kitundu chenye upana wa karibu nanometa moja, kuta mbili zinavuta pamoja, na molekuli zinakaa kwa msongamano unaokaribia ule wa kimiminika, bila baridi yoyote.

Mfano wa sifongo ndio ulionipoteza. Ningependa kutoa mfano wa kizimba cha ndege. Kizimba kikiwa kitupu, ndege wote wanaruka, na kila mmoja anataka anga lake. Ukiingiza ndani tawi lenye vijiti vingi, tawi linakula nafasi, ni kweli; lakini ndege wanatua, wanapangana bega kwa bega, na sasa unaweza kuingiza wengine wengi. Ndege hawakuingia ndani ya mti. Wametua juu yake. Ukilikata tawi, hutakuta ndege ndani ya mbao.

Basi kitenzi chake ni kipi? Napendekeza «kuambata». Tazama umbo lake. Lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi cha kale -at- ambacho wataalamu wanakihusisha na mgusano: kitu kinagusa kingine na kubaki hapo. Kiswahili cha leo hakikitumii tena kwa uhuru kuunda maneno mapya, lakini kimekihifadhi katika vitenzi kama kamata, fumbata, pakata, kumbatia na ambata. Anayejua Ciluba atasikia undugu na kulamata, yaani kunata. Kwa hiyo maana ya «kushikamana juu ya uso wa kitu» haikuhitaji kukopwa. Iko ndani ya mofolojia yetu tangu zamani. Kifaransa kinatofautisha mawazo hayo mawili kwa herufi moja, b au d, na jicho lililochoka linateleza. Kiswahili kinayatofautisha kwa vitenzi viwili ambavyo hakuna anayeweza kuvichanganya: kufyonza na kuambata.

Kuna faida nyingine. Kinyume cha fumbata ni fumbua. Ndugu wa ambata ni ambua, yaani kutoa ganda la juu. Tendo la gesi kutoka ukutani wakati dereva anapokanyaga mafuta lingeweza basi kuitwa «kuambuka». Mfumo wa lugha ungefurahi. Lakini nimelijaribu neno hilo mbele ya wenzangu, na wote walifikiria «kuambukiza», wakadhani gesi inaleta ugonjwa. Sikio la msikilizaji nalo lina haki zake. Kwa hiyo, kwa kutoka, nasema «kubanduka», na kwa kushika nasema «kuambata». Jozi hii haina ulinganifu kamili, lakini inaeleweka.

7. Kutoka magunzi hadi fuwele

Nisingependa msomaji afikiri kwamba haya ni mambo ya karatasini tu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, pamoja na wenzao wa Kansas City, walionyesha vipande vya kaboni vilivyotengenezwa kwa magunzi ya mahindi, ile miti tunayoitupa baada ya kupukuchua. Vipande hivyo viliweza kubeba gesi mara 180 ya ujazo wao kwa baa 35, na vilijaribiwa katika tanki la pikap. Kwa shinikizo hilo dogo, tanki halihitaji kuwa silinda nene. Linaweza kuwa bapa na kulazwa chini ya sakafu ya gari. Sisi wa Katanga, ambao hatumalizi siku bila bukari ya mahindi, tunaweza kuusoma mfano huo kwa macho mengine.

Upande wa pili kuna vitu vilivyojengwa kwa makusudi katika maabara: fuwele ambazo nguzo zake ni chembe za metali, na mihimili yake ni minyororo ya kaboni, zikiacha vyumba vitupu katikati. Tunaweza kuziita fremu za metali-ogani. Mwaka 1997 Susumu Kitagawa wa Japani alionyesha fremu inayopokea methani katika joto la kawaida. Mwaka 1999 kikundi cha Omar Yaghi kilitoa fremu maarufu iitwayo MOF-5, na mwaka huohuo ikatoka Hong Kong ile inayoitwa HKUST-1, ambayo bado ni miongoni mwa zinazobeba methani vizuri zaidi. Katika fremu kadhaa, gramu moja ina uso wa karibu mita za mraba 7,000, yaani uwanja mzima wa mpira. Mwaka 2025 Kitagawa, Yaghi na Richard Robson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo.

8. Mipaka ya njia hii

Mwanafunzi wa lugha anapofasiri sayansi anajaribiwa kutia chumvi. Basi tuseme pia yasiyopendeza.

Kwanza, kwa baa 35, tanki la makala lenye gesi mara 180 lina nishati ya megajuli 6.4 hivi kwa lita. Bado ni chini ya mtungi ulioshindiliwa kwa baa 250. Faida yake ni kupata kiasi kinachokaribia hicho kwa shinikizo dogo zaidi. Mwaka 2012 Wizara ya Nishati ya Marekani iliweka lengo kwamba kitu chenyewe kibebe gesi mara 350 ya ujazo wake, ili baada ya hasara za kukipakia ndani ya tanki kilingane na baa 250. Lengo hilo limekuwa gumu kufikiwa.

Pili, gesi inapoambata inatoa joto. Ukijaza haraka, makala yanapata moto, na makala ya moto hayashiki vizuri; ni kama ndege wanaotishwa tawini. Gesi inapobanduka inachukua joto, tanki linapoa, na sehemu ya gesi inagoma kutoka.

Tatu, si yote iliyoingia inayotoka. Injini inahitaji shinikizo fulani, kwa kawaida baa 5 hivi. Gesi inayobaki chini ya kiwango hicho ni abiria asiyeshuka. Kwa hiyo, msomaji akikuta takwimu, aulize: hii ni gesi inayoingia, au ni gesi inayofika kwenye injini? Mfasiri anayeandika «inabeba» kwa yote mawili ameficha tofauti kubwa.

Nne, gesi ya bombani ina wenzake: propani, butani, maji, na dawa ya harufu. Hao wanaambata kwa nguvu kuliko methani, na wanakataa kubanduka. Mwaka hata mwaka wanachukua viti vyote.

9. Neno na uhai

Nilisema mwanzoni kwamba neno linaweza kumponza mtu. Tazama neno «gesi» lenyewe, na «mtungi wa gesi», ambao kwetu wengi wanauita bombone. Mama jikoni anasema gesi, dereva anasema gesi, mwandishi wa Kivu anasema gesi. Lakini bombone ya jikoni ilijengwa kwa kimiminika chenye shinikizo la baa chache. Mtungi wa gari ulijengwa kwa baa 200 na zaidi. Ukimwambia fundi asiyejua kwamba «gari linahitaji mtungi wa gesi», umempa ruhusa ya kuchukua wowote.

Mwezi wa kumi mwaka 2024, mjini Benin City nchini Nigeria, mtungi wa gari ulilipuka wakati wa kujazwa na watu wakaumia. Wakuu wa mpango wa taifa wa gesi ya magari walieleza kwamba mtungi huo haukuwa wa aina iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Sidai kwamba neno ndilo lililolipuka. Nadai kwamba maelezo ya usalama yanaandikwa kwa maneno, na kwamba nchi inayotaka kutumia gesi yake, kama yetu inavyozungumzia gesi ya Kivu, itahitaji watu wa kuyaandika maelezo hayo kwa lugha ambayo dereva wa Goma na wa Bukavu anaielewa. Watu hao wanasoma katika vitivo kama chetu.

Kwa hiyo nashauri tuseme hivi:

- gesi iliyoshindiliwa: methani iliyobanwa kwa baa 200 hadi 250, ikibaki gesi;
- gesi iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi: methani katika nyuzi 162 chini ya sifuri;
- gesi ya jikoni: propani na butani, kimiminika kwa shinikizo dogo; isiitwe gesi asilia;
- gesi iliyoyeyuka: methani iliyomo ndani ya maji, kama katika Kivu;
- gesi iliyoambata: methani iliyotua juu ya kuta za makala au za fremu za fuwele.

10. Hitimisho na zoezi

Kosa langu lilitokana na kufasiri neno kabla ya kuelewa tendo. Nilitafuta katika kamusi kabla ya kujiuliza gesi iko wapi: ndani ya kitu, au juu yake? Swali hilo moja, «iko wapi?», lingeniokoa. Nimerudi kwa ndugu yangu wa fizikia na sentensi mpya: «Gesi inaambata kwenye kuta za makala, na kwa hiyo inakaa karibu-karibu kuliko ikiwa inaruka.» Safari hii hakuniuliza kitu. Alitikisa kichwa, akasema: «Sasa umeifasiri.»

Kwa wenzangu wanaotaka kujaribu, chagueni kati ya kufyonza, kuyeyuka, kuambata, kubanduka na kushindilia, kisha mtoe sababu:

1. Mgonjwa aliyemeza sumu anapewa unga wa makala hospitalini, na sumu ... kwenye makala hayo.
2. Udongo mkavu ... mvua ya kwanza.
3. Ukifungua chupa ya soda, gesi iliyokuwa ime... inatoka kwa povu.
4. Muuza makala ... gunia lake mpaka halifungiki.
5. Tanki linapopashwa joto kidogo, gesi iliyobaki ... ukutani na kwenda kwenye injini.

Anayepata ugumu katika nambari 1 asikimbilie kamusi. Ajiulize kwanza: sumu iko wapi?